Tunda la porini: Litambue kabla ya kulitia kinywani

WENGI wetu tuliolelewa mashambani tulionja matunda ya porini kabla ya kulijua chungwa la dukani. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi hakufungiwa chakula cha mchana. Kunazi, ukwaju, ubuyu na mukawa ndiyo yaliyomfikisha jioni. Siku hizi wapo wazazi wanaowakataza watoto kabisa kuyagusa matunda hayo, na wapo wanaowaacha wale chochote kilichoiva. Wote wamekosea.

Matunda haya yana faida kubwa mwilini. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzani uo huo, na una madini ya kalisiamu yanayoimarisha mifupa. Kunazi nazo zina vitamini hiyo, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Ukwaju hulainisha choo. Yote haya mtoto huyapata bila mzazi kutoa hata senti moja.

Hatari basi iko wapi? Iko katika kula tunda usilolijua.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mvulana wa miaka tisa kutoka sehemu za vilima vya Machakos. Alikuwa ametapika tangu adhuhuri, tumbo likimsokota na mwili umelegea. Homa hakuwa nayo. Mama yake alidhani ni chakula kilicholala, nami nilikuwa karibu kukubaliana naye. Lakini nilipomshika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo, niliyakuta machache mno, tena yakirukaruka. Mtoto aliyepoteza maji kwa kutapika moyo wake huenda mbio, haupungui mwendo.

Nikauliza amekula nini. "Ni mukawa tu, daktari, kule malishoni," mama akajibu. Ndipo nyanya yake, aliyekuwa amekaa kimya wakati huo wote, alipomwinamia na kumwuliza: "Mjukuu wangu, mti huo ulikuchoma?"

Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Mti haukuwa na miiba.

Swali hilo lilitupa jibu. Mukawa, ambao Wajaluo huuita ochuoga, una mwenzake wa jamaa moja, msunguti. Wakamba huuita kivai na Wamaasai olmorijoi. Miti hiyo miwili ina majani magumu, maua meupe yenye harufu nzuri, utomvu mweupe, na matunda yanayogeuka rangi ya zambarau iliyokolea. Lakini mukawa una miiba, na msunguti hauna. Msunguti ndio uliowapa wawindaji wa Kiwaata na Kikamba sumu ya mishale yao. Sumu hiyo hushambulia moyo, na tunda bichi ni hatari sana. Zipo sehemu ambako watu hula lile lililoiva kabisa, lakini mimi nashauri liachwe, kwani mtoto hawezi kupima kuiva kwake.

Usiku uo huo tulimkimbiza mvulana katika hospitali kubwa yenye mashine ya kufuatilia moyo. Alipona.

Mimea mingine pia huwadanganya watoto. Matunda ya manjano ya ndulele yana sumu. Mnanaha, unaoota majaani na mashambani, una tunda lenye miiba na mbegu ndogo nyingi; aliyezila hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, naye huweweseka hata akadhaniwa amerogwa. Mbegu za turituri, nyekundu zenye doa jeusi, na zile za mbarika zinaweza kuua zikitafunwa. Dalili zake zaweza kuchelewa kwa saa nyingi, kwa hivyo usitulie kwa sababu mtoto bado anacheza.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto mambo haya:

Kwanza, wasile tunda ambalo mtu mzima anayelifahamu hajawaonyesha na kulitaja jina. Kama ni mukawa, watafute miiba, wasipoiona, waache. Hata hivyo, mwiba peke yake si kibali, kwa maana miti yenye miiba ni mingi.

Pili, wasidanganywe na ndege au nyani. Mnyama anaweza kula tunda asidhurike, nawe likakuua.

Tatu, wale lililoiva tu, waloshe kwa maji safi, na waliloanza kutafunwa na mnyama walitupe. Kokwa watema. Mtoto mdogo asipewe kunazi nzima, kwani kokwa yaweza kumkaba koo.

Ikiwa mtoto amekula kitu cha kutiliwa shaka, mwondolee mabaki kinywani na umpeleke hospitali mara moja. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, na usimpe maziwa wala mkaa wa jikoni ukidhani ni dawa. Akiwa amepoteza fahamu, mlaze ubavu na usimpe kitu chochote kinywani. Chukua tawi lenye majani na matunda ya mti aliokula, maana laweza kumwokolea daktari saa nzima ya kubahatisha. Waulize pia wenzake aliokuwa nao, kwa kuwa yumkini nao wamekula.

Siku ile shahada yangu haikutosha. Ilihitaji maarifa ya ajuza ambaye hakuwahi kuingia darasani. Maarifa hayo yanatoweka kwa kuwa watoto wetu hawatembei tena na wazee wao. Likizo ijayo, mwombe nyanya au babu awapeleke wajukuu malishoni na kuwaonyesha mti mmoja baada ya mwingine: huu huliwa, huu huachwa.