Kijiji Ambako Mzabibu Hukaa Shimoni

Sogeeni karibu, wanangu, niwaeleze habari za Khamma. Ni kijiji kidogo katika kisiwa cha Pantelleria, ndani ya Bahari ya Mediterania. Kisiwa ni cha Italia, lakini Tunisia iko karibu zaidi: kilomita 70 hivi, ilhali kwenda Sicily ni kama 100. Siku anga ikitakata, watu wa huko huiona Afrika kwa macho yao. Waarabu walikitawala kisiwa hiki kwa zaidi ya karne mbili, na mpaka leo ziko sehemu zenye majina ya asili ya Kiarabu, kama Khamma, Gadir na Bukkuram.

Mkulima wa Pantelleria ana mitihani miwili. Wa kwanza ni upepo, unaovuma karibu mwaka mzima ukibeba chumvi ya bahari. Wa pili ni maji. Kisiwani hakuna mto, na kiangazi kikiingia mvua hukatika kwa miezi. Ardhi yenyewe imetokana na volkano, imejaa mawe meusi. Mngekuwa ninyi, mngepanda nini?

Wao wamepanda zabibu aina ya zibibbo, ila kwa namna yao. Mkulima huchimba shimo la kina cha sentimita 20 hivi, akapanda mche humo. Kila mwaka huupogoa ubaki mfupi, matawi yatambae karibu na udongo. Upepo hupita juu, zabibu zimejificha chini. Mvua kidogo ikinyesha, maji hukusanyika shimoni yakaenda moja kwa moja mizizini. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huu katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na mimi naona ulistahili tangu zamani.

Je, mchungwa? Huo haujifichi shimoni, basi wakaujengea nyumba. Naam, nyumba! Ni ukuta mnene wa mviringo, mrefu kupita kimo cha mtu mzima, wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Una kijilango, hauna paa, na mara nyingi ndani mna mti mmoja tu. Usiku mawe hupoa, unyevu wa hewa ukagandama juu yake, kisha matone huteremka udongoni. Ukuta ndio unaonywesha mti! Kila nikilifikiria hili nastaajabu: watu walibeba mawe yote hayo, moja moja, ili familia ipate machungwa na malimau.

Mavuno huja Agosti. Mashamba yako kwenye matuta membamba ya mteremkoni, yanayoshikiliwa na kuta za mawe; trekta haipiti humo, kwa hiyo watu huinama, wengine hupiga magoti. Vichala vya kwanza huanikwa juani kwa wiki tatu au nne, vikigeuzwa kwa mkono na kufunikwa usiku visilowe umande. Baadaye punje zilizokauka huchambuliwa, zikatiwa katika maji ya zabibu mbichi yanayochacha. Hapo ndipo hupatikana passito, mvinyo mtamu wa rangi ya kaharabu.

Kazi hii ni nzito, na vijana wengi wameondoka kutafuta maisha kwingine. Matuta kadhaa yameachwa, vichaka vimeyafunika. Na kuachwa kwa tuta si jambo la mwenye shamba peke yake, kwa sababu ukuta wa tuta la juu ukibomoka, mawe na udongo huporomokea mizabibu ya jirani aliye chini.