Mistari na Matao Yanayongojea Amri

Ndugu wapiganaji na ndugu askari polisi, hapana shaka kila mmoja wetu amewahi kushika penseli na rula. Sisi tulipokuwa katika chuo cha ukadeti tulikesha juu ya ramani, tukichora njia za doria kwa penseli iliyochongwa hata ikawa kama sindano, na tukizungusha bikari kuonyesha mpaka wa mapigo ya kombora. Mkono ukitetereka, mkufunzi alifuta kazi yote bila ya kusema neno. Siku hizo hatukujua kwamba kosa la penseli lina heri, kwa kuwa linaonekana. Leo michoro ya karakana, ya majengo ya kambi na hata ya mahali pa ajali huchorwa kwa kompyuta, na makosa yake aghalabu hayaonekani kwa macho. Ndiyo maana tumeona vyema tuzungumzie vitu viwili tu, ambavyo kila mtu hudhani anavijua: mstari ulionyooka, na tao, yaani kipande cha duara.

Asili ya jambo hili ni kazi ya ulinzi. Mwaka 1951 Marekani ilianzisha maabara ya Lincoln, katika jimbo la Massachusetts, ili kutafuta njia ya kuilinda anga yake dhidi ya ndege za Urusi zenye kubeba mabomu. Kazi hiyo ilizaa mtambo mkubwa ulioitwa SAGE, ulioanza zamu mwaka 1958 na kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Askari aliyekuwa zamu aliketi mbele ya kioo chenye nukta za mwanga, kila nukta ikiwa ni ndege angani. Alipotaka kuijua mojawapo, alichukua bunduki ndogo kama bastola, akailenga nukta ile juu ya kioo na kuvuta kilimi.

La ajabu ni kwamba bunduki hiyo haikutoa kitu chochote. Ilikuwa ni jicho. Kompyuta huziwasha nukta zake moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo sisi wanadamu hatuwezi kuitambua, basi bunduki ilipouona mmuliko, mtambo ulijiuliza tu, "Wakati huu nilikuwa ninaiwasha nukta ipi?" na jibu likawa ndiyo ndege iliyolengwa.

Katika maabara hiyo hiyo kulikuwa na kompyuta nyingine, TX-2, na kijana mmoja aliyeitwa Ivan Sutherland akaomba kuitumia kwa masomo yake ya udaktari katika chuo cha MIT. Badala ya bunduki alishika kalamu ya mwanga, iliyofanya kazi kwa njia ile ile. Mwezi Januari 1963 alikabidhi tasnifu yake juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Kabla ya hapo watu waliziandikia kompyuta zao kwa kadi zilizotobolewa; yeye alizungumza nayo kwa kuchora.

Tutazame alivyochora, maana mpaka leo hatujaenda mbali na pale. Aliielekeza kalamu kwenye kioo, akabonyeza kitufe cha kuchora, na mstari ukazaliwa. Mwanzo wake ulibaki pale pale alipoanzia, na mwisho wake ukaifuata kalamu kama mpira unaovutwa, ukiwa umenyooka daima hata kama mkono ulitetemeka. Alipotaka tao, kwanza alionyesha kitovu na kubonyeza kitufe cha kitovu. Kisha alichagua mahali pengine na kubonyeza kitufe cha kuchora. Umbali kati ya mahali hapo viwili ukawa ndio nusu kipenyo. Tangu hapo kalamu ilikuwa na mamlaka juu ya jambo moja tu, nalo ni urefu wa tao. Kupanua au kubana duara haikuwezekana tena, kwa sababu hilo lilikwisha kuamuliwa.

Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 7 tu kila upande. Hata hivyo aliweza kukuza mchoro hadi mara 2,000, ikawa kama anayetazama, kupitia kidirisha kidogo, karatasi yenye upana wa karibu robo maili.

Lakini jambo lililokuwa jipya kabisa ni masharti. Sutherland alichora umbo la pande sita, lililopinda ovyo kama boma lililojengwa usiku. Akaiambia kompyuta kwamba pembe zote sita zikae juu ya duara moja, na pande zote ziwe sawa. Umbo lile likajinyoosha lenyewe na kuwa la pande sita kamili. Kadhalika alichora daraja la vyuma, akalitwika mzigo, na mashine ikamwonyesha nguvu zinazopita katika kila chuma. Wahandisi wetu wa medani wataelewa uzito wa jambo hilo.

Huenda msomaji akapenda kujua kwamba Sutherland naye alivaa sare. Alitumikia jeshi la nchi yake akiwa luteni, na mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 26, alipewa kuongoza ofisi ya mambo ya kompyuta katika ARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka 1988 alitunukiwa tuzo ya Turing. Tunalitaja hili kwa ajili ya maluteni wetu wanaodhani kwamba cheo chao ni cha kungojea tu.

Sasa tuje kwenye macho yetu na namna yanavyotudanganya. Kioo cha kompyuta hakina mstari hata mmoja. Kina nukta zilizopangwa safu kwa safu, kama kikosi kwenye uwanja wa gwaride. Mwaka 1962 Jack Bresenham, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alibuni njia ya kuchagua nukta zipi ziwashwe, akaitangaza mwaka 1965. Mfikirie mpiganaji katika uwanja uliogawanywa miraba, ambaye haruhusiwi kusimama ila katikati ya mraba. Ameamriwa afike miraba 10 mashariki na 3 kaskazini. Kila apigapo hatua ya mashariki hujiuliza kama njia ya kweli imepita kaskazini yake kwa zaidi ya nusu mraba. Ikiwa hivyo, husogea na mraba mmoja kaskazini. Kazi yote hiyo hufanywa kwa kujumlisha na kutoa namba nzima tu. Mwaka 1977 alitangaza njia kama hiyo kwa duara.

Kwa hiyo tunachokiona ni ngazi ya nukta inayokaribiana na mstari. Mstari wenyewe umehifadhiwa ndani kwa namba: ncha mbili, kila ncha na namba zake mbili. Nafasi iliyo ndogo kuliko nukta moja ya kioo ipo ndani ya namba, lakini kwa jicho haipo.

Sisi tulilijua hilo kwa aibu. Katika karakana fulani tulipewa kazi ya kuchora bati la chuma la kushikia kipini cha trela: pande mbili zilizonyooka, mwisho wa mviringo, na tundu moja. Tulichora vizuri, tukafurahi, tukaiamuru mashine ilipe bati unene. Ikakataa. Tukaamuru tena, ikakataa tena. Tukamwita sajini wa karakana, mtu wa maneno machache.

"Afande," alisema baada ya kutazama, "jicho lako limeridhika. Mashine haijaridhika."

Akakuza mchoro mara nyingi sana, na pale ambapo mstari ulipaswa kukutana na tao pakaonekana mwanya. Haukufika hata unene wa unywele. Kwetu sisi ua lilikuwa limefungwa. Kwa mashine lilikuwa wazi, na ua lililo wazi halina ndani wala nje. Tulikuwa tumeziweka ncha mbili jirani, ilhali hatukuamuru ziwe kitu kimoja.

Sajini akatufundisha kuhesabu uhuru. Mstari mmoja kwenye ubao mtupu una uhuru wa aina nne, kwa sababu kila ncha yaweza kwenda kulia na kushoto, juu na chini. Tao lina tano: mbili za kitovu, moja ya nusu kipenyo, na mbili za mahali linapoanzia na linapoishia. Kila sharti hupunguza uhuru. Ukisema mstari ulale mlalo, umeondoa mmoja. Ukitaja urefu, umeondoa mwingine. Ukiamuru ncha ya tao na ncha ya mstari ziwe nukta moja, umeondoa miwili. Ukiamuru tao liuguse mstari bila kuvunjika, yaani mstari uingie katika tao kama barabara inavyoingia kwenye kona, umeondoa mmoja zaidi. Katika programu ya FreeCAD, ambayo hutolewa bure, mistari iliyo huru huwa myeupe, na uhuru wote ukiisha mchoro hugeuka kijani. Kuruta hapendi hesabu hiyo, lakini mchoro huipenda.

Tungependa kusema kwamba somo lilituingia siku hiyo. Haikuwa hivyo. Tuliufunga mwanya, mashine ikakubali, tukaondoka kabla mchoro haujageuka kijani. Wiki moja baadaye tuliombwa turefushe bati kwa milimita 20. Tulibadilisha namba moja. Pande zikarefuka, mwisho wa mviringo ukasogea mbele, na tundu likabaki mahali lilipokuwa, kwa kuwa hatukuwahi kuiambia mashine kwamba kitovu cha tundu na kitovu cha tao ni kitovu kimoja. Mabati 12 yalikatwa kabla ya mtu yeyote kujaribu kupitisha kipini. Yalikuwa yamekatwa kwa usahihi wa kupendeza, na hakuna hata moja lililofaa. Sajini aliyapanga ukutani, yote 12, mahali ambapo ilitubidi tuyapite kila asubuhi.

Chuma kinaweza kununuliwa kingine. Ndugu zetu polisi wanashughulika na matao ambayo hayanunuliki. Gari linapokwenda kasi mno kwenye kona na kuanza kuteleza kiupande huku magurudumu yakizunguka, huacha alama iliyopinda juu ya lami. Alama hiyo ni tao, na nusu kipenyo chake hueleza mwendo wa gari. Askari hunyoosha utepe wa kupimia kutoka nukta moja ya alama hadi nyingine, kisha kutoka katikati ya utepe hupima kimo hadi kwenye alama. Nukta tatu zatosha. Katika programu za kuchorea huziweka nukta hizo tatu, na nusu kipenyo hutokea papo hapo.

Tuseme utepe ni mita 20 na kimo ni mita 1. Nusu kipenyo ni mita 50.5, na kwenye lami kavu, tukichukua msuguano wa 0.7, mwendo ni kama kilomita 67 kwa saa. Sasa tuseme askari aliyechoka, usiku, amesoma kimo kuwa sentimita 80 badala ya mita 1. Tao lililochorwa litaonekana zuri vile vile kwenye kioo, lakini nusu kipenyo kitakuwa karibu mita 63, na mwendo utafika karibu kilomita 75. Sentimita 20 za utepe zimemwongezea dereva kilomita 8 kwa saa mbele ya hakimu. Hesabu ya kweli ina masahihisho mengine, na msuguano sharti upimwe pale pale barabarani. Hata hivyo hakuna sahihisho litakaloiponya nukta ya tatu iliyowekwa mahali pasipo pake.

Tena mashine haitalalamika kama ilivyolalamika kwa bati letu. Kupitia nukta tatu zozote zisizo katika mstari mmoja daima lipo tao, nayo italichora bila ya kusita, kwa rangi nzuri, na namba nyingi nyuma ya nukta ya desimali. Kwa hiyo mwenye zamu apime kimo mara mbili, tena na watu wawili tofauti, aandike vipimo vyote viwili katika daftari lake, na afanye hivyo kabla mvua haijanyesha na kabla malori ya asubuhi hayajapita juu ya alama.