Kiwambo Peke Yake Hakitoshi

Msomaji wa Nyarugusu, Geita, anauliza: "Nikichuja maji ya kisima kwa kitambaa kisha nikayachemsha, aseniki itatoka?"

Haitoki. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke na sumu hubaki, kwa hiyo kila kikombe kinazidi makali.

Aseniki imo katika miamba ileile yenye dhahabu. Mwamba ukivunjwa ukapata hewa na maji, huiachia. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na katika ukanda wa machimbo yapo maji yaliyopimwa yakakutwa yameuvuka. Tangu 2009 Kahama na Shinyanga wanapata maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, lakini machimboni wengi bado wanategemea visima.

Je, chujio la kununua litasaidia? Aina za vichujio naziruka, ila neno la ile ngozi nyembamba yenye matundu inayochuja maji (membrane kwa Kiingereza) siliachi. Wengi huandika "utando". Utando wa buibui hutanda tu, hausukumwi na kitu. Mimi nasema kiwambo, kutokana na kuwamba: ngozi huvutwa, ikakazwa juu ya ngoma, ikangoja kipigo. Kiwambo cha maji nacho kazi yake ni kuhimili msukumo wa pampu.

Sasa, matundu ya kiwambo cha kawaida cha maji ya kunywa yana upana wa nanomita 10 au zaidi. Chembe ya aseniki haifiki nanomita 1. Inapita bila kugusa ukingo. Itanaswaje?

Mchimbaji mdogo analo jibu mkononi. Vumbi la dhahabu ni jembamba mno kuokotwa kwa vidole, kwa hiyo humimina zebaki kwenye karai na kukoroga. Zebaki huliokota vumbi, punje kwa punje, hadi likawa donge. Kisha hulifunga kwenye kitambaa na kukamua: zebaki ya ziada hupenya, donge lenye dhahabu hubaki. Kitambaa hakikuwahi kukamata vumbi, kilikamata donge.

Kwenye maji, mkusanyaji ni chumvi ya chuma. Ikiyeyuka majini hugeuka vitonge vya rangi ya kutu vyenye chaji chanya. Aseniki yenye chaji hasi huvirukia na kung'ang'ania. Lakini aseniki ya chini ya ardhi mara nyingi haina chaji, hivyo hainasi vizuri. Ndiyo maana klorini hutangulia kuibadilisha. Klorini, chuma, kiwambo: watatu kwa zamu.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Bila kiwambo, vitonge lazima vinenepe hadi vizame, na hilo hudai matangi makubwa na saa nyingi. Penye kiwambo, vitonge vichanga vinatosha, na bakteria hukwama humohumo. Tope linalobaki lina sumu, lifukiwe mbali na kisima.

Kuunganisha njia si ndoto ya mbali. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi Afrika ya Royal Academy of Engineering kwa chujio la mchanga na chembe za nano.

Ndugu msomaji, peleka kwanza maji yako maabara ya Wizara ya Maji yapimwe. Kisha, akija muuzaji wa chujio, mwulize swali moja: kabla ya kiwambo, aseniki inakamatwa na nini? Akikosa jibu, usinunue.