Kwa Nini Mtoto wa Binadamu Hukawia Kukua

Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kwenye changarawe. Uchimbaji uliofuata ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wakazi wengi wa kaunti yetu wamesikia habari za Kijana wa Turkana. Kisichosimuliwa sana ni umri wake.

Kwa kimo, ungemdhania mtoto wa miaka 11 au zaidi. Lakini jino hujengwa tabaka kwa tabaka, na wataalamu waliochunguza meno yake walikadiria kwamba alikufa akiwa na miaka minane hivi. Alikuwa akikua haraka kuliko watoto wetu.

Sisi tulichukua njia ndefu kwa sababu ya ubongo. Mtoto huzaliwa ubongo wake haujafikia hata theluthi moja ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika nje ya tumbo la mama, na kazi hiyo inakula sana. Karibu na miaka mitano, ubongo hutumia zaidi ya theluthi moja ya nguvu yote ya mwili. Ndiyo maana mtoto wa umri huo huongeza kimo polepole. Kukonda, hata hivyo, si sehemu ya mpango huo. Mhudumu wa afya ya jamii akifika na utepe wa kupima mkono, mpe mtoto apimwe.

Mama peke yake hawezi kuulisha ubongo kama huo. Sokwe hunyonyesha miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Binadamu huzaa mapema zaidi kwa kuwa ana wasaidizi. Miongoni mwa Wahadza wa Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake waliona kwamba mama akiwa na kichanga, uzito wa watoto wakubwa hutegemea bidii ya nyanya yao katika kuchimba mizizi. Nyanya wa kwetu hawakuhitaji kuambiwa hilo.

Wakati wa ukame, anayesahaulika ni mtoto wa miaka mitatu au minne: ameacha kunyonya, na bado hajaanza kula shuleni. Apewe sahani yake, asiachwe kushindana na wakubwa kwenye sinia moja. Aendelee kupelekwa kliniki hadi afikishe miaka mitano. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita. Katika chekechea, ambazo ni jukumu la kaunti, msishangae mkikuta watoto wanacheza. Kwa umri huo, kucheza ndiko kusoma.

Si lazima mama ndiye aje kliniki. Baba au nyanya anaweza kumleta mtoto, na kijitabu chake kikiwa kimepotea, mleteni hivyo hivyo.