Kambi kwa gari: piga hesabu kabla ya kupiga hema

MFANYABIASHARA wa Butimba mwenye Land Cruiser au gari jingine linalovuta kwa magurudumu yote manne anaweza kuondoka nyumbani alfajiri, na kabla ya saa sita mchana akawa amefika Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ni takribani kilomita 140 za lami kutoka Mwanza mjini, kupitia Igoma, Kisesa, Magu na Lamadi. Ukaribu huo unaweza kumtia mtu mawazo mawili kwa mpigo: kwenda kulala porini na familia yake, na kununua hema la juu ya gari ili baadaye alikodishe kwa watalii.

Mawazo yote mawili ni mazuri. Hata hivyo, anayenunua dagaa huomba kwanza kuona sampuli kabla ya kulipia gunia mia. Safari ya kwanza ya kambi ni sampuli. Iwe fupi, iwe ya vifaa vya kukodi au kuazima, na mtaji ubaki benki mpaka sampuli ionekane.

GARI LA NAMNA GANI

Marekani na Ulaya wanazo motokaa kubwa zenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Magari hayo hutegemea viwanja maalumu vyenye umeme, bomba la maji na mahali pa kumwaga maji machafu. Huku kwetu kinachofaa zaidi ni gari la porini lenye hema lililokunjwa juu ya paa. Ukifika kambini unalifungua, unateremsha ngazi, na kitanda kiko tayari. Faida yake ni kwamba unalala juu ya ardhi. Hasara yake ni kwamba kila ukitaka kuondoka na gari, hata kwenda kutazama wanyama tu, ni lazima kwanza ulikunje.

UZITO NDIO MTAJI

Kosa linaloharibu magari ni kupakia bila kupima. Tuchukue mfano wa gari lenye uzito wa kilo 2,300 likiwa tupu, na ambalo kitabu chake kinasema lisizidi kilo 2,900 likiwa na kila kitu. Hapo mwenye gari ana kilo 600 za kutumia. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Hema kilo 60. Maji lita 60 ni kilo 60. Jokofu dogo kilo 25, chakula kilo 20, mtungi mdogo wa gesi kilo 13, matandiko kilo 20, jeki, spana na vifaa vingine kilo 40. Jumla ni kilo 518. Akiba iliyobaki ni kilo 82 tu. Ukimkubalia abiria mmoja zaidi na kreti moja ya soda, akiba imekwisha.

Tazama pia ukomo wa mzigo wa juu ya paa, ambao kitabu cha gari huutaja peke yake. Magari mengi ya familia hayaruhusu zaidi ya kilo 100 hivi juu gari likiwa linatembea, na mengine chini ya hapo. Hema likishachukua kilo 60, madumu ya maji na mafuta hayana nafasi tena juu. Yakae ndani, chini, karibu na katikati ya gari. Gari lililobeba uzito juu huyumba kwenye kona na hupinduka upesi.

MAFUTA NA MAJI

Hesabu ya mafuta ifanywe kwa sehemu mbili. Kwenda Ndabaka na kurudi Butimba weka kilomita 300 za lami. Gari linalokula lita 14 kwa kila kilomita 100 litatumia lita 42. Ndani ya hifadhi weka kilomita 150 za vumbi, kwa lita 20 kila kilomita 100. Hizo ni lita 30. Jumla ni lita 72. Ongeza robo ya kiasi hicho kwa ajili ya tope na kupotea njia, utapata lita 90. Bei ya kuzidisha ni rahisi kuijua, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Jaza tangi kabla ya kuingia langoni.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita tano kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 40. Ongeza lita 20 za kunawa na za rejeta: madumu matatu. Asitokee mtu wa kusema ziwa liko karibu. Maji ya Ziwa Victoria hayanyweki bila kuchemshwa, na kuyaoga au kuyakanyaga ufukweni ni kujitafutia kichocho. Penye matete hukaa mamba, na viboko hutoka usiku kula majani nchi kavu. Hema lisisimamishwe kwenye njia yao.

JOKOFU AU BARAFU

Jokofu la gari huuzwa kama kitu cha lazima. Tufanye hesabu. Likila wastani wa ampea 3, kwa siku nzima litahitaji ampea-saa 72. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 haifai kunyonywa zaidi ya nusu yake, hivyo ina 50 tu za kutumia. Baada ya saa 16 hivi imechoka, na ikiwa ndiyo betri hiyo hiyo ya kuwashia injini, asubuhi mtasukuma gari. Anayetaka jokofu anunue na betri ya pili, pamoja na sola ya kuichaji.

Kwa safari ya siku mbili Mwanza ina njia rahisi zaidi. Wachuuzi wa samaki wameihifadhi sangara kwa barafu miaka mingi. Boksi zuri lenye mabonge ya barafu, likiwekwa kivulini na kufunguliwa mara chache, linatosha. Dagaa wakavu, unga, mchele na maharage havihitaji hata hilo boksi.

USIKU TATU ZA MAJARIBIO

Usiku wa kwanza lala uani kwako Butimba. Fungua hema, pika kwa gesi ile ile, lala na familia, asubuhi kunja kila kitu. Kitakachokosekana, iwe kiberiti, tochi au chandarua, kitaonekana hapo, ambapo duka liko hatua chache.

Usiku wa pili uwe ufukweni upande wa Lamadi, mahali panaporuhusu kambi na penye mlinzi. Ulizia kwanza kwa simu. Hapo utajua gari linavyokwenda likiwa na mzigo kamili.

Usiku wa tatu ndio wa hifadhi. Malango ya Serengeti hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na usiku hakuna ruhusa ya kuendesha. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa nje, kwa hiyo chukua kitambulisho. Viwango hubadilika. Viulizie TANAPA kabla ya kuondoka, pamoja na utaratibu wa malipo, kwani fedha taslimu si za kutegemea langoni.

Kambi za umma za Serengeti hazina uzio. Chakula chote kirudi ndani ya gari kabla ya kulala, maana fisi na nyani hawabishi hodi. Upande huo wa magharibi una mbung'o, na wao hufuata nguo nyeusi na za buluu. Udongo wake mwingi ni mfinyanzi mweusi. Ukikauka hauna neno, ukilowa gari huzama hadi ekseli. Safari ya kwanza isiwe ya masika, Machi hadi Mei. Beba kamba ya kuvutia, pampu ya hewa, spea taili yenye upepo, vifaa vya pancha na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki.

KWA MWEKEZAJI

Sasa turudi kwenye mtaji. Tuseme hema, betri ya pili, sola na vyombo vimekugharimu Sh 6,000,000. Tuseme kila siku gari likikodishwa, baada ya kutoa matairi, sevisi na bima, unabaki na Sh 60,000. Unahitaji siku 100 za kukodisha ili vifaa tu virudi, mbali na bei ya gari lenyewe. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina siku 153. Gari likitoka siku moja katika kila tatu, umepata siku 51. Kwa hiyo ni kiangazi mbili kabla ya kuona faida. Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pa hizi, lakini usiruke swali la siku ngapi gari litalala bure.

Kabla ya kukodisha, hakikisha mambo matatu. Bima iseme wazi kuwa gari linakodishwa, maana bima ya gari binafsi inaweza kukataa kulipa. Leseni ya biashara ya utalii na mambo ya TRA yawe sawa. Na gari likabidhiwe kwa orodha yenye saini, kuanzia spana hadi vijiko, pamoja na dhamana ya fedha.

Orodha hiyo haiandikwi ofisini. Huandikwa na mtu aliyelala ndani ya hema lake mwenyewe na kujua ni kitu gani mteja atakitafuta saa nane usiku. Ndiyo maana usiku wa uani kwako Butimba, usiogharimu zaidi ya kukodi hema, ni utafiti wa soko wa bei nafuu kuliko wote.