Mwalimu wa Saa Kumi na Moja



Jumatatu moja, miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu katika parokia yenye shule yake ya msingi, binti mmoja alinisubiri nje ya ofisi baada ya Misa ya asubuhi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, kwa jinsi ilivyofunguliwa na kufungwa mara nyingi. "Shikamoo, Padre," akasema, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiye na uhakika kwamba atakaa muda mrefu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha Shahada ya Sanaa na Elimu. Masomo yake ya kufundishia yalikuwa Historia na Kiswahili. Alikuwa amehitimu miaka minne nyuma. Katika miaka hiyo aliomba kazi kila tangazo lilipotoka, akajitolea katika shule ya kata kwa kupewa nauli tu, na sasa alikuwa akimsaidia mama yake kuuza vitumbua.

Mimi ndiye niliyekuwa meneja wa shule, na mwalimu wa Kiswahili na Maarifa ya Jamii tulimhitaji. Nikamtajia mshahara. Ulilingana na ule tuliomlipa mlinzi wa usiku. Sisemi hivyo kwa kumdharau mlinzi, maana naye tulimpunja. Binti akanyamaza. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona aibu: "Mwanangu, usipoitaka nafasi hii, wapo wengi wanaoisubiri."

Akajibu, "Nitakuja, Padre."

Jioni ile niliwaambia wajumbe wa kamati ya fedha kwamba tumepata mwalimu mwenye digrii kwa bei ya mwenye cheti. Tukafurahi. Nililala usingizi mzuri kabisa.

Wiki chache baadaye nilikaa kuandaa mahubiri ya Jumapili ya 25 ya Mwaka A. Injili ilikuwa ile ya Mathayo 20, habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua. Alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita na saa tisa. Hata saa kumi na moja akatoka tena, akawakuta watu wamesimama sokoni. Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa saa hiyo. Saa yetu ndiyo saa ya Biblia: jua linashuka, vumbi la sokoni linatulia, na asiyepata kibarua anaanza kuwaza atarudije nyumbani mikono mitupu. Mwenye shamba akawauliza kwa nini wamesimama hapo kutwa nzima bila kazi. Wakamjibu kwa unyonge kwamba hakuna aliyewaajiri.

Nilipofika kwenye jibu hilo nikaiona ile bahasha ya kaki. Nilikuwa nimeisoma Injili hii tangu seminari, na kila mara nilidhani fundisho lake ni moja tu, kwamba mbingu hutolewa kwa ukarimu. Sasa niliona na jambo jingine. Mwenye shamba angeweza kabisa kuwaambia watu wale wa saa kumi na moja, "Njooni kwa senti mbili, msipotaka wapo wengi." Shida yao ilikuwa nafasi yake ya kupata faida. Badala yake aliwalipa dinari nzima, kwa sababu hata aliyeajiriwa jioni ana watoto wanaokula mlo uleule. Mwenye shamba alifanya kinyume cha nilichofanya mimi.

Ndugu msomaji, nimeyaleta haya leo kwa sababu wazazi wengi hunijia msimu wa maombi ya vyuo na swali moja: "Padre, mtoto amechagua digrii ya ualimu. Tumruhusu?" Wanauliza kwa sauti ya chini, kama wanaotaja ugonjwa. Zamani mwalimu akipita kijijini watu walisimama. Leo ualimu umepewa jina baya, eti ni kimbilio la waliokosa pengine pa kwenda.

Tuanze na ukweli wenyewe. Katika nchi yetu mtu amekuwa akiufikia ualimu kwa ngazi tatu. Kuna cheti, kuna stashahada, na kuna shahada, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu chuo kikuu. Katika utumishi wa umma mwenye cheti huanzia Daraja la III A, mwenye stashahada III B, mwenye shahada III C. Yupo pia aliyesoma shahada ya fani nyingine, kisha akaongeza stashahada ya uzamili ya ualimu ili aruhusiwe kushika chaki. Mwanafunzi wa shahada ya ualimu husoma masomo atakayofundisha, na pamoja nayo husoma jinsi mtoto anavyojifunza, jinsi ya kuandaa somo, kupima na kulea. Kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi wake huja kuketi nyuma ya darasa akimtazama. Hiyo si kazi ya mtu aliyekosa pa kwenda.

Lakini je, digrii ndiyo inayomfanya mtu awe mwalimu? Hapa lazima niseme habari za mwalimu wangu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote wa nchi hii wawe darasani ifikapo mwishoni mwa 1977, walimu hawakutosha. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu hukohuko karibu na vijiji vyao, wakifundisha huku wanajifunza. Watu waliwaita walimu wa UPE, na hawakulisema jina hilo kwa heshima. Aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wao, msichana aliyekuwa na umri wa dada zangu. Alitushika mkono mmoja mmoja, akatuandikisha herufi mchangani kwa kijiti kwa sababu madaftari hayakutosha. Mtoto asipofika shule, jioni alikwenda kwao kuuliza. Kila Misa ninayosoma altareni, nasoma kwa herufi alizonipa yeye.

Wengi wakisikia ushuhuda kama huu husema, "Unaona? Digrii si kitu. Kinachotakiwa ni moyo." Ndugu zangu, tusikimbilie huko. Tulipofika kwenye sehemu na desimali, mwalimu wangu alikwama. Alikuwa mkweli, alituambia kurasa zile tutaziruka. Tulioingia seminari ndogo tulilikuta pengo lile likitungoja. Nilikesha nikijifunza nilichopaswa kukijua nikiwa darasa la tano, na wapo wenzangu waliorudishwa nyumbani kwa sababu yake. Mwalimu yule alikuwa na moyo mkubwa kuliko wangu. Ila moyo peke yake haufundishi desimali. Yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana baadaye alijiendeleza, mwaka hadi mwaka.

Kanisa lilijifunza jambo hili zamani kupitia mtakatifu mmoja. Yohane Baptisti wa La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika familia yenye uwezo. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa tayari kanoni wa kanisa kuu, na mwaka 1680 akapata udaktari wa teolojia. Mtu wa digrii ya juu kabisa. Akajikuta anasaidia shule za watoto maskini, na akaona kwamba walimu wake walikuwa watu wa kuokoteza, wasiojua kazi, wasioheshimiwa na yeyote. Mwaka 1681 akawachukua wakaishi nyumbani kwake, jambo lililowachukiza ndugu zake. Mwanzoni hata yeye aliona shida kuketi nao meza moja. Mwisho aliacha cheo cha ukanoni, akagawa mali yake kwa maskini wakati wa njaa, akawa mmoja wao.

Tazama hatua iliyofuata. Hakusema kwamba kwa kuwa watu hawa wana nia njema, basi inatosha. Mwaka 1685 alifungua hapo Reims chuo cha kuwaandaa walimu wa shule za vijijini, moja ya vyuo vya kwanza vya ualimu vinavyojulikana Ulaya. Aliamini kwamba mtoto wa maskini anastahili mwalimu aliyefunzwa sawasawa na mtoto wa tajiri. Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu mwaka 1950. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 1965 juu ya elimu ya Kikristo, uliagiza kwamba walimu wa shule za Kikatoliki waandaliwe vizuri kwa elimu ya dunia na ya dini, tena wawe na sifa zinazostahili.

Basi kwa wazazi jibu langu ni hili: mruhusuni. Ila mwulizeni kwanza kama anawapenda watoto, kwa sababu hilo chuo kikuu hakiwezi kumpa. Mwambieni pia ukweli kuhusu ajira, kwamba shahada peke yake haimpi kituo cha kazi. Siku hizi walimu wanaoomba kazi serikalini huitwa kwenye usaili, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Na kama amesoma kwa mkopo wa Bodi, deni litamsubiri: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakwenda huko hadi liishe.

Kwa walimu mnaojiendeleza, wengi wenu usiku na likizo kupitia Chuo Kikuu Huria, nawapongeza. Nina ombi moja. Tumezoea kuona mwalimu wa darasa la kwanza akipata digrii, kesho yake anatafuta kuhamia sekondari, kana kwamba shahada ni ngazi ya kumkimbia mtoto mdogo. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alipotoka Makerere na stashahada ya ualimu alifundisha Tabora. Akaenda Edinburgh, akarudi na shahada, na alikorudi ni darasani, Pugu, mwaka 1953. Siasa ilimtoa huko baadaye, lakini jina alilobaki nalo hadi kaburini ni Mwalimu. Mtoto anayejifunza herufi ya kwanza anastahili digrii yako kama anavyoistahili wa kidato cha nne.

Na kwetu sisi tunaomiliki shule, maparoko, masista, wachungaji na wafanyabiashara, nasema kama mkosefu anayesema na wakosefu. Kumbukumbu la Torati 24 inaamuru mwenye kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kimeyafikia masikio ya Bwana. Hatuwezi kuimba Zaburi asubuhi mstarini na walimu ambao tangu miezi miwili hawajaona mshahara. Hatuwezi kubandika langoni tangazo la "walimu wenye shahada" huku tukiwanyima mkataba na michango ya hifadhi ya jamii.

Baada ya Jumapili ile nilirudi kwenye kamati ya fedha. Haikuwa rahisi. Tulikuwa tunachangia mnara wa kengele, na mzee mmoja aliniuliza kama nataka Mungu asubiri. Nikamjibu kwamba kengele inaweza kusubiri, watoto wa mwalimu hawawezi. Tukasogeza mnara mbele mwaka mmoja. Nikamwita yule binti ofisini, nikampa mkataba, nikamwomba radhi kwa yale maneno ya siku ya kwanza.

Akausoma mkataba hadi mwisho, kama mtu aliyesoma anavyopaswa. Kisha akasema, "Asante, Padre. Mimi nilishakusamehe. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza naye ana mtoto, na yeye ana cheti tu."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeirekebisha dhambi yangu kwa mwenye digrii, nikamsahau yule anayefanya kazi ileile niliyofanyiwa mimi mchangani na mwalimu wa UPE. Mnara ukasubiri mwaka wa pili. Walimu wote wakapata mkataba, mlinzi naye pia, kila mmoja kwa daraja lake.

Yule binti alifundisha pale miaka miwili, kisha akapata ajira serikalini, mkoa wa mbali. Siku ya kuaga watoto walilia. Mnara wa kengele ulikamilika baadaye, na kila nikipita parokia ile na kuisikia ikilia, nakumbuka kwamba ilichelewa kwa sababu nzuri.

Wiki hii, ndugu msomaji, kama una mtoto shuleni, lipa ada unayodaiwa, maana mara nyingi humo ndimo ulimo mshahara wa mwalimu. Na kama yuko aliyekufundisha kusoma ukurasa huu na bado yu hai, mtafute, umpigie simu. Kama ameshatangulia mbele ya haki, mtajie jina lake Bwana leo kanisani.

Mungu awabariki walimu wetu, wenye kazi na wanaoisubiri. Jumapili njema.