Je, Kishikwambi chenye Kibodi Kinaweza Kuchukua Nafasi ya Kompyuta Mpakato?

Swali hili huletwa mara kwa mara katika Kitengo cha Mawasiliano Serikalini cha Halmashauri yetu, na waulizaji wakubwa ni makatibu wa vikundi vya wajasiriamali katika kata. Sababu yake inaeleweka. Maombi ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hupitia mfumo wa kielektroniki. Leseni za biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Zabuni za umma, zikiwemo zile zinazotengwa kwa ajili ya makundi maalumu, hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa NeST. Kikundi kisicho na kifaa chake hulazimika kwenda stesheneri kila mara, kulipia kila ukurasa, na pengine kumwachia mtu baki nywila ya akaunti ya kikundi kizima.

Hivyo wanachama huchangishana na kumtuma katibu mjini. Dukani huoneshwa vifaa viwili vilivyosimama bega kwa bega, vyote vina kioo na kibodi, na kwa macho ya haraka havina tofauti. Kimoja ni kompyuta mpakato. Kingine ni kishikwambi mseto, yaani kishikwambi kinachounganishwa na kibodi ya kubandika na kubandua. Muuzaji husema kwamba kazi yake ni ile ile. Fedha iliyo mkononi mwa katibu ni akiba ya watu kumi au zaidi, kwa hiyo inafaa kauli hiyo ichunguzwe kabla ya kulipa.

Wananchi wengi walikifahamu kishikwambi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, pale makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Baada ya zoezi hilo, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa walimu. Katika sensa kifaa hicho kilifanya kazi yake vizuri, na ni vyema kutambua ilikuwa kazi ya namna gani: karani aliuliza, akachagua jibu, akaandika jina au tarakimu, akahifadhi na kuendelea. Kuchagua, kupiga picha, kusoma na kujibu kwa ufupi ndizo kazi ambazo kishikwambi kilibuniwa kwazo. Kuandika andiko la mradi la kurasa 15 au kupanga jedwali la gharama lenye safu 12 ni kazi ya aina nyingine.

Kibodi iliongezwa ili kuziba pengo hilo, na historia yake ina funzo kwa mnunuzi. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa kishikwambi kilichoitwa Surface RT. Kwa umbo kilikuwa nadhifu, kina kibodi ya kubandika, na kioo chake kilionesha sura ya Windows iliyozoeleka. Hata hivyo, programu za kawaida za Windows hazikuweza kuwekwa ndani yake, kwa kuwa mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa tofauti na ule wa kompyuta. Wanunuzi waligundua jambo hilo wakiwa wamekwisha kulipa. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitangaza hasara ya dola za Marekani milioni 900 iliyotokana na bidhaa hiyo. Mwaka 2014 ilikuja na Surface Pro 3, chenye Windows kamili, na ikakinadi waziwazi kuwa ndicho kishikwambi kinachoweza kuchukua nafasi ya kompyuta mpakato. Apple nayo ilitoa iPad Pro na kibodi yake mwaka 2015, lakini matumizi kamili ya kipanya yaliingizwa katika mfumo wake mwaka 2020. Kwa miaka hiyo yote ya katikati, mtu alikuwa na kibodi mbele yake na bado mara nyingi alilazimika kuinua mkono na kugusa kioo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji linahusu mfumo wa uendeshaji: kifaa hiki kinatumia Android, iPadOS au Windows? Bei, rangi na ukubwa wa kioo vinaweza kusubiri. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vinavyofika katika maduka yetu hutumia Android, mfumo ule ule wa simu janja. Kuviongezea kibodi hakuvigeuzi kuwa kompyuta, kama vile kuifunga pikipiki tela hakuifanyi kuwa lori, ingawa mzigo fulani utabebeka.

Mzigo unaobebeka si mdogo. Mifumo ya Serikali niliyoitaja hufunguliwa kupitia kivinjari cha intaneti, na kishikwambi cha Android kina kivinjari. Ukurasa ukijipanga vibaya au kitufe kisipoonekana, ingia katika menyu ya kivinjari na uchague ukurasa uoneshwe kama katika kompyuta. Mara nyingi hilo hutosha. Katika kuambatisha nyaraka kishikwambi kinaizidi kabisa kompyuta mpakato. Cheti cha usajili wa kikundi, katiba, muhtasari wa kikao uliosainiwa na namba ya mlipakodi vyote hupigwa picha kwa kamera yake, vikageuzwa kuwa faili la PDF na kupakiwa hapo hapo, wakati mwenye kompyuta mpakato atahitaji skana au kuhamisha picha kutoka katika simu. Aidha, vishikwambi vingi vina nafasi ya laini ya simu, hivyo bando huwekwa moja kwa moja bila kutegemea simu ya mwanachama mwingine.

Ugumu huanza katika majedwali. Mzabuni huhitaji mara nyingi kujaza mchanganuo wa gharama katika Excel. Kishikwambi cha Android na iPad vina Excel, lakini ni toleo lililopunguzwa: amri za kujiendesha zilizopachikwa ndani ya faili, ambazo wataalamu huziita makro, hazifanyi kazi humo. Fomu iliyotengenezwa ili ijijumlishe yenyewe kwa makro itafunguka, itaonekana kamili, na haitajumlisha chochote. Katibu asiyelijua hilo anaweza kutuma jedwali lenye jumla ya zamani. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: programu za Word na Excel za vifaa vya mkononi huruhusu kuhariri bure katika vioo visivyozidi inchi 10.1. Kioo kikizidi hapo, kuhariri huhitaji malipo ya kila mwezi au mwaka. Mtu anayelipa zaidi ili apate kioo kipana cha inchi 11 au 12 hujikuta, bila kutarajia, amejiongezea na gharama hiyo. Zipo programu mbadala zisizo na malipo, nazo hufaa kwa nyaraka nyepesi, ila mpangilio wa majedwali huweza kuvurugika faili linaporudi kwa aliyelituma.

Vifaa vya pembeni navyo vina masharti yake. Printa za kisasa zenye Wi-Fi hupokea kazi kutoka katika kishikwambi bila shida. Printa kongwe ya waya, ambayo ndiyo iliyopo katika ofisi nyingi za vijiji na shule, huhitaji programu yake iwekwe kwanza, na programu hiyo kwa kawaida ni ya Windows. Visoma alama za vidole viko hivyo hivyo. Kikundi kinachokusudia kufungua kibanda cha huduma za uchapaji na nakala kisinunue kishikwambi cha Android kuwa kifaa chake kikuu.

Vipi kuhusu vishikwambi mseto vyenye Windows kamili? Hivi kwa hakika ni kompyuta zilizovaa umbo la kishikwambi, na katika suala la programu vinaweza kuchukua nafasi ya kompyuta mpakato. Tahadhari zake ni tatu. Vile vya bei ya chini huja na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, kiwango ambacho ndicho cha chini kabisa kinachohitajiwa na Windows 11. Masasisho machache tu huijaza hifadhi hiyo, na kumbukumbu haiwezi kuongezwa kwa kuwa imechomelewa kwenye ubao. Baadhi huuzwa vikiwa katika hali ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft pekee. Hali hiyo huondolewa bila malipo katika mipangilio, ingawa ukishaiondoa huwezi kuirudisha. Tatu, kibodi mara nyingi huuzwa peke yake, na bei iliyobandikwa kwenye kioo haiihusishi. Uliza bei ya vyote viwili kwa pamoja.

Nije katika umeme, ambao kwa wakazi wa vitongoji visivyofikiwa na gridi, au vinavyokatiwa mara kwa mara, pengine ndilo jambo zito kuliko yote. Chaja ya kishikwambi cha Android hutumia takribani wati 15 hadi 25 na hupokea umeme wa USB. Maana yake ni kwamba mfumo mdogo wa sola wa nyumbani wenye tundu la USB unaotosha kuchaji simu unaweza kukichaji, ingawa kwa polepole. Benki ya umeme ya mAh 20,000 itakijaza mara moja na kubakiza kiasi. Kompyuta mpakato ya kawaida huhitaji chaja ya wati 45 hadi 65, na nyingi za zamani hupokea umeme wa volti 19 au 20 kwa tundu la aina yake pekee. Ili kuichaji kwa sola utahitaji betri kubwa na inveta, na inveta yenyewe hupoteza sehemu ya umeme njiani. Kompyuta mpya zenye tundu la USB-C zimepunguza tatizo hili lakini hazijaliondoa, kwa sababu bado zinadai wati zile zile. Vishikwambi mseto vya Windows vyenye nguvu vimo katika kundi hilo la kompyuta. Visihesabiwe pamoja na vile vya Android.

Nimeona maofisa ugani wakimaliza siku nzima ya kazi za shambani kwa kishikwambi kimoja bila kutafuta soketi. Mimi mwenyewe picha na mahojiano ya vijijini huyakusanya kwa kishikwambi, kisha taarifa huiandika kwa kompyuta mpakato. Kuandika kwa muda mrefu juu ya kibodi laini iliyowekwa mapajani, huku kioo kikishikiliwa na kiguzo cha nyuma kinachotaka meza iliyonyooka, huchosha. Katika mikutano ya hadhara chini ya mwembe, meza iliyonyooka ni adimu.

Kuhusu ukarabati, kompyuta mpakato ina nafuu. Fundi wa mjini anaweza kubadilisha betri, kibodi au diski yake kwa siku moja. Kishikwambi hufungwa kwa gundi. Kioo kikipasuka, gharama ya kukibadilisha huweza kukaribia bei ya kununua kingine. Nunua kava imara siku ile ile.

Wapo wanaoona suluhisho ni kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika kutoka nje ya nchi, ambayo bei yake hulingana na ya kishikwambi kipya chenye kibodi. Kwa kazi za maandishi na majedwali, maoni yangu ni kwamba huo ndio ununuzi bora kwa vikundi vingi, kwa sharti moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Mashine inayotakiwa sasa ni ile inayokubali Windows 11. Kwa zile zenye kichakataji cha Intel Core, tafuta kizazi cha 8 au kipya zaidi. Mwombe muuzaji aiwashe na kukuonesha, kwa sababu stika ya nje haithibitishi chochote.

Kikundi cha wafugaji au wakulima ambacho kazi yake ni kutunza kumbukumbu, kupiga picha, kupokea malipo na kufuatilia maombi yake kitahudumiwa vyema na kishikwambi, na kibodi ya Bluetooth ya bei nafuu itatosha siku ya kuandika barua. Kikundi kinachoomba zabuni au kinachouza huduma za uchapaji kinahitaji kompyuta mpakato, au kishikwambi mseto chenye Windows kamili na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8 iwapo fedha inaruhusu. Mwanafunzi wa chuo yuko katika kundi hili la pili, hasa anapofikia mwaka wa kuandika tasnifu.

Kabla ya kulipa, chukua faili halisi unalolifanyia kazi, kama vile fomu ya mchanganuo wa gharama, liweke katika flashi na ulifungue dukani katika kifaa unachotaka kununua. Badilisha tarakimu moja uone kama jumla inabadilika. Ingia katika akaunti ya kikundi kwenye mfumo mnaoutumia, kisha utoke kabla ya kuondoka dukani. Dai risiti ya kielektroniki na maelezo ya dhamana kwa maandishi.

Kwa ushauri zaidi, wananchi wanakaribishwa kuwaona maofisa wa Kitengo cha TEHAMA katika makao makuu ya Halmashauri, au kupeleka maswali yao kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ushauri hutolewa bila malipo. Fika na orodha ya kazi ambazo kikundi kinatarajia kuzifanya kwa kifaa hicho pamoja na kiasi cha fedha kilichopo.